Jinsi ya Kumvusha Mozart Mikokoni

Anza na mwezi. Mjini wanaopanga matamasha huanza na msanii, kisha ukumbi, kisha bango, na utaratibu huo unawafaa. Kwenye delta ya Rufiji maji ndiyo yenye ratiba. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunapata bamvua: bahari inajaa kupita kawaida na kupwa kupita kawaida, na katika pwani hii kilele cha kujaa huangukia karibu na saa kumi, ya alfajiri na ya jioni. Kadiri unavyozidi kuingia ndani ya mikondo, ndivyo kilele kinavyochelewa kidogo. Basi ukitaka kuingiza piano, wapigaji kumi na wawili na mikoba yao kati ya michu na mikandaa, shika bamvua ya mwezi mpevu. Utaingia na maji ya jioni, utapiga usiku kwenye mbalamwezi, utatoka na maji ya alfajiri. Ukichagua siku za maji mafu, piano itakaa kwenye tope na wewe utakaa kuieleza.

Kinachoingizwa ni konseto ya piano ya Wolfgang Amadeus Mozart katika A meja, ile yenye namba K. 488. Aliimaliza Vienna tarehe 2 Machi 1786, miezi miwili kabla ya opera yake Le nozze di Figaro kuonyeshwa mara ya kwanza. Ina sehemu tatu na huchukua kama dakika 26. Na ninaposema delta sina maana ya Kibiti mjini wala Ikwiriri kwenye lami. Nasema vijiji vya ndani, Mbwera, Salale, Kiomboni, Msala, ambako mtu husema anakwenda bara anapokwenda kununua betri. Wapo watakaosema muziki ule una mahali pake, yaani kumbi zenye mazulia na viyoyozi. Mimi nasema delta nayo ni mahali pake, na nakusudia kila hatua ya mwongozo huu.

Sababu yangu inaota porini. Mpingo unapatikana katika misitu ya Rufiji na Kibiti, ukateremka nayo Kilwa na Lindi mpaka Ruvuma na kuingia Msumbiji. Kiini chake cheusi ni kizito kuliko maji. Gogo la mpingo ukiliangusha mtoni linazama. Uzito huo, ugumu wake na mafuta yaliyomo ndani ndivyo vinavyotafutwa na mafundi wa ala za kupuliza: unachongeka kwa usahihi mkubwa, hautanuki ovyo kwa mate na pumzi ya mpigaji, na tundu likishatobolewa linabaki na kipimo chake. Klarineti na obo nyingi za kitaalamu zinazopigwa leo duniani ni mpingo, na Tanzania na Msumbiji ndizo zinazoutoa kwa wingi. Mozart mwenyewe hakuzisikia hizo. Wakati wake klarineti zilichongwa kwa mti mwingine wa Ulaya wenye rangi ya njano. Mpingo ulichukua nafasi hiyo katika karne ya 19. Lakini tangu hapo, K. 488 ikipigwa Vienna, Tokyo au New York, katikati ya okestra kuna mirija miwili ya mpingo inayoimba, na waliouona mti huo ukisimama hawapo ukumbini.

Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Mti unaoangushwa msimu huu ungeweza kuwa mche wakati manowari ya Kijerumani SMS Königsberg ilipokuja kujificha katika mikondo hii mwaka 1914, Waingereza wakaisaka kwa ndege na kuipiga kwa mizinga mpaka ikaishia majini tarehe 11 Julai 1915. Ulaya ilishaleta mizinga yake humu bila kumwomba mtu ruhusa. Sasa iilete na klarineti.

Piano nayo ina historia yake na pwani hii. Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilibebwa mabegani kutoka bara, wabebaji wengi wakiwa watumwa, zikafika Kilwa na Bagamoyo, zikavushwa Zanzibar, na kutoka Zanzibar zikasafirishwa Marekani, kwenye miji midogo ya Deep River na Ivoryton jimboni Connecticut, kukatwa vipande vyembamba vya kufunika vibonye vya piano. Watoto wa familia zenye uwezo walijifunza Mozart kwa vidole vilivyogusa ndovu wa huku. Siku hizi vibonye ni plastiki, na hilo ni jema kwa ndovu, ila lisifute kumbukumbu.

Turudi kwenye mpingo. Mwaka 2009 misitu ya vijiji wilayani Kilwa, Kikole kikiwemo, ilipata cheti cha kimataifa cha FSC kwa uvunaji mzuri, kwa msaada wa shirika la MCDI, na wanakijiji wakaanza kuuza mpingo wao kama wenye mali. Nafurahia cheti kile. Bado naona kuna kitu kimebaki. Mtu anayeujua mti huu, anayejua gogo lipi lina ufa na lipi limenyooka, anastahili kujua na sauti yake. Asiambiwe. Aisikie, usiku, kwao.

Sasa hesabu watu. K. 488 inataka fluti moja, klarineti mbili, fagoti mbili, horni mbili, halafu fidla za kwanza na za pili, viola, selo na besi kubwa. Haina obo, haina tarumbeta, haina ngoma. Mozart aliziacha makusudi, na ndiyo maana rangi ya kazi hii ni laini kuliko nyingi za miaka ile. Ukiweka mpigaji mmoja mmoja kwa kila ala ya nyuzi, unapata watu kumi na wawili, na mpiga piano wa kumi na tatu. Mashua moja inawabeba wote. Usione haya kwa udogo wa kikosi. Konseto zake tatu za mwanzo za Vienna, K. 413, 414 na 415, Mozart alizitangaza mwenyewe mwanzoni mwa 1783 kwamba zinaweza kupigwa hata na nyuzi nne tu, bila ala za kupuliza. Fedha zikikupungukia, chukua K. 414, ambayo nayo iko A meja. Watu watano na mtumbwi wa mashine wanatosha. Hutakuwa na klarineti, kwa hiyo hutakuwa na mpingo, lakini utakuwa umefungua njia.

Wapiga fidla usiwatafute mbali. Vuka Zanzibar. Ikhwani Safaa ilianzishwa 1905, Culture Musical Club 1958, na tangu 2002 Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kinawafundisha vijana fidla, kanuni, udi na nai pamoja na kusoma nota. Mpiga fidla wa taarabu ana upinde mzuri na sikio kali. Mweleze mapema tu kwamba katika K. 488 wote wanakwenda na maandishi, na pambo linalojitokeza moyoni alitunzie kikao cha baada ya tamasha, ambacho lazima kiwepo. Nota zenyewe ni bure. Mozart alifariki tarehe 5 Desemba 1791 na haki za kazi zake zilishakwisha. Ziko kwenye maktaba ya IMSLP kwenye intaneti. Chapa nakala za akiba, maana zitalowa.

Kwa klarineti, bisha hodi kwenye bendi za Polisi, za Jeshi na za Magereza. Hapo pana kazi, na usiifiche. Klarineti ya bendi kwa kawaida ni ya B bemoli, na Mozart ameandika kwa klarineti ya A. Mwenye klarineti ya A anasoma C meja, ufunguo usio na shapu hata moja. Mwenye ya B bemoli akitaka kutoa sauti ileile lazima asome B meja, shapu tano, na mambo yakigeuka maina hali haiwi nyepesi. Koplo aliyezoea kupuliza gwaride atakutazama. Mpe nota zilizohamishwa miezi mitatu kabla, pamoja na nauli, na muache. Nawaamini sana wapigaji wa bendi. Mtu anayeweza kupuliza akitembea juani kwa saa mbili ataziweza shapu tano akiwa amekaa kwenye mkeka.

Fagoti ndiyo itakayokusumbua. Tazama Nairobi, kwenye Nairobi Orchestra, kwenye Kenya Conservatoire of Music iliyoanza 1944, na kwa vijana wa Ghetto Classics wa Korogocho, mradi ulioanza 2008 na ambao umethibitisha kwamba muziki wa okestra hauulizi mtu anakaa mtaa gani. Uliza kwa barua, lipa nauli ya basi, na waambie wazi kwamba kituo cha mwisho ni boti.

Klarineti zikikosekana kabisa, ruhusa ipo na imetoka kwa mwenyewe. Septemba 1786 Mozart aliandikia kasri la Donaueschingen, Ujerumani, kumuuzia mkuu wa huko konseto kadhaa, hii ikiwemo. Akaeleza kwamba kama hawana klarineti, mnakili mzuri azihamishe sauti zile, ya kwanza ipigwe na fidla, ya pili na viola. Kwa hiyo hata kwa wakuu wa Ulaya klarineti hazikuwa za uhakika. Lakini nakuomba usiikimbilie ruhusa hiyo. Tunaurudisha mpingo kwao.

Piano, sasa. Piano kubwa ya tamasha ya siku hizi ina fremu ya chuma na uzito unaokaribia kilo 500. Mashua ya bandari ya Nyamisati inaubeba mzigo huo bila kulalamika, maana imeshabeba mizigo mizito zaidi. Tatizo ni zile hatua kati ya mashua na ufuko. Mkumbuke Mozart. Piano yake, iliyotengenezwa na Anton Walter, ilikuwa ya mbao tupu, ya oktava tano, na uzito wake haukufika kilo mia. Vibonye ambavyo kwetu ni vyeupe kwake vilikuwa vyeusi, na vyeusi vikawa vyeupe. Mapema 1785 baba yake, Leopold, alipokuwa mgeni wake Vienna, alimwandikia binti yake kwamba piano ile ilikuwa imeshatolewa nyumbani na kupelekwa kwenye jumba la maonyesho au nyumba za watu mara kumi na mbili au zaidi tangu afike, yaani kwa mwezi mmoja hivi. Piano ya konseto hizi ilikuwa ya kubebwa na wapagazi tangu mwanzo. Atakayekuambia chombo hiki hakisafiri, msomee barua ya Mzee Leopold.

Mwenye kupata nakala mpya ya piano ya namna hiyo amebarikiwa, na aje na fundi wa kuisawazisha. Unyevu wa chumvi huvimbisha ubao wa sauti na kupandisha nyuzi; isawazishwe baada ya kushushwa, iachwe ipumue, isawazishwe tena. Wengi wetu tutakwenda na kinanda cha umeme, na hapo zingatia jambo ambalo wauzaji hawakuelezi. Kinanda cha kawaida cha kwaya kina vibonye 61, idadi ileile ya piano ya Mozart, lakini kinaanzia C, na piano yake ilianzia F, chini zaidi. Ukikitumia hicho utakosa sauti za chini kabisa, na Mozart anazihitaji. Tafuta chenye vibonye 76, kinachoanzia E. Hicho kinameza konseto zake zote. Kiwe na vibonye vizito, vinavyotofautisha kidole cha upole na kidole cha nguvu. Vingi hutumia volti 12, kwa hiyo betri ya sola inatosha, na ya pili iwe akiba. Jenereta iache bara. Inaunguruma, na sehemu ya pili ya konseto hii haiwezi kushindana na muungurumo.

Njia ni hii. Toka Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa, pita Mkuranga, pita Bungu bila kusimama, fika Kibiti kwanza, ukapate kibali wilayani kwa ofisi ya utamaduni. Usiombe kibali kwa simu. Nenda na nota, uonyeshe, ueleze fagoti ni nini. Ndipo urudi Bungu na ushuke Nyamisati, bandari ya vyombo vya Mafia na vya delta. Fika na muda mkononi, maana nahodha hapangiwi kwa haraka. Msalimie, muulize hali ya nyumbani, muulize upepo, ndipo umtaje mzigo. Neno la kumwambia ni hili: "Nahodha, nina ala za muziki, hazitakiwi kulowa, na mojawapo ni kubwa." Atauliza ukubwa. Mwonyeshe kwa mikono, usipunguze. Bei ikishakubaliwa, turubai ni lako na kamba ni zake.

Ondokeni Nyamisati maji yakiwa bado yanapanda, mapema alasiri, ili mfike kijijini yakiwa yamejaa na mashua ilale sambamba na ufuko. Wanamuziki wageni waambieni watazame njiani: hapa ndipo ulipo msitu mkubwa wa mikoko kuliko wote wa pamoja Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000, na boriti zake zilijenga nyumba za Uarabuni kwa karne nyingi. Msimu mzuri ni baada ya mavuno ya mpunga, kusi inapolegea. Kuanzia Machi hadi Mei usithubutu. Masika ni ya masika.

Kijijini, mtendaji na mwenyekiti wawe wamejua siku nyingi nyuma. Wazee wapewe habari kabla ya vijana, wanawake wasiachwe mpaka siku yenyewe, na tamasha lianze baada ya swala ya Isha, watu wakiwa wameshakula. Saa mbili na nusu usiku ni wakati mzuri. Maji yatakuwa yanapwa, ufuko unapanuka, na wanamuziki hawana pa kwenda hadi alfajiri, kwa hiyo vyandarua na mahali pa kulala vipangwe mchana.

Ukumbi usiujenge. Tafuta ukuta: wa darasa, wa ghala, wa nyumba yoyote ndefu. Waweke wapigaji mgongo ukutani, nyuso kwa watu, kwa sababu fidla uwanjani bila ukuta hupotea. Kama ukuta unatazama maji, una bahati, maana usiku hewa iliyo juu ya maji hupoa chini kuliko juu na sauti huinama kurudi chini badala ya kupaa. Waliobaki kwenye mitumbwi watasikia vizuri kuliko unavyodhani. Nota zibanwe kwa vibanio vya nguo. Mbu wasidharauliwe. Mpiga piano hana mkono wa akiba na mpiga klarineti hana hata kidole. Wapake dawa mapema, isipokuwa mpiga piano asipake viganjani, vibonye vitateleza. Moshi wa makumbi uwe mbali na wapulizaji. Pumzi yao ndiyo kazi yao.

Klarineti nazo zitafanya jambo ambalo mimi naliona la kupendeza. Mpingo uliokaa miaka kwenye hewa kavu ya Ulaya au kwenye kabati la bendi, ukifika kwenye unyevu wa delta hunywa na kuvimba, na viungo vyake hukaza. Paka mafuta kwenye maungio asubuhi, usije ukashindwa kuvitenganisha. Na kabla ya kuanza, mchukulie klarineti mzee mmoja anayeujua msitu. "Shikamoo mzee. Huu ni mti gani?" Mpe aishike, apime uzito, aikwaruze kwa ukucha. Usimsaidie jibu. Akishasema mpingo, waambie watu kwamba ndiyo, na kwamba ndio utakaoimba sasa hivi. Hiyo ndiyo hotuba yote. Mgeni rasmi, kama yupo, akae mkekani.

Wengi wana hofu kwamba wasikilizaji hawataelewa. Mozart hakuwa na hofu hiyo. Desemba 1782 alimwandikia baba yake kuhusu konseto zake mpya kwamba kuna sehemu ambazo wajuzi peke yao watazifaidi, lakini zimeandikwa ili na wasio wajuzi waridhike pasipo kujua kwa nini. Na watu wa pwani si wageni wa umbo hili. Aliyehudhuria taarabu anajua bashrafu: kikundi hupiga chenyewe kwanza, hutandika mkeka wa nyimbo zitakazokuja, mwimbaji bado amekaa. Sehemu ya kwanza ya K. 488 inakwenda hivyohivyo. Okestra inapita kwenye nyimbo zake kwa takriban dakika mbili, piano imenyamaza. Kisha piano inaingia na kuzichukua zilezile, inazigeuza, inajibizana nazo. Waambie jirani zako jambo moja tu: piano ndiye mwimbaji.

Karibu na mwisho wa sehemu hiyo okestra inasimama na mpiga piano anabaki peke yake kwa kadenza. Kwa kawaida Mozart aliacha nafasi hapo ili mpigaji abuni. Kwenye kazi hii aliiandika ndani ya nota zenyewe. Watu wakishangilia katikati ya kadenza, washangilie. Sehemu ikiisha, wapige makofi na vigelegele. Desturi ya kukaa kimya kati ya sehemu na sehemu imekuja baadaye sana. Vienna ya Mozart ilishangilia, na Desemba 1785, alipopiga konseto mpya katika E bemoli, hadhira ilidai sehemu ya polepole irudiwe, akairudia.

Sehemu ya pili ndiyo iliyonifanya niandike haya. Iko katika F-shapu maina, na katika kazi zake zote Mozart hakuandika sehemu nyingine kwenye ufunguo huo. Piano inaanza peke yake, polepole, kwa mwendo wa kuyumba wa sita kwa nane. Wimbo unashuka mbali, unaruka juu, unashuka tena, na hakuna wa kuushika mkono. Okestra ikijibu haiji kufariji. Inaongeza uchungu kwa sauti ya upole. Halafu, katikati, mawingu yanafunguka na tunaingia A meja: fluti na klarineti zinaongoza, na klarineti chini yake inatiririsha sauti zilizovunjwavunjwa. Hapo ndipo mpingo unasikika vizuri kuliko popote. Mwelekeze mpiga klarineti akae upande wa watu, na fidla zipunguze.

Huzuni ya mwanzo inarudi. Kuelekea mwisho, nyuzi zinadonolewa kwa vidole bila upinde, na piano inabaki na sauti chache sana, moja chini kabisa, moja juu kabisa, zimetengana mno. Wajuzi wamebishana iwapo Mozart aliandika mifupa tu na kuijaza mwenyewe jukwaani. Kwa maoni yangu mpiga piano wa delta apambe kidogo, kwa mara moja, halafu aziache zile sauti zilivyo. Waliokulia kwenye taarabu wanajua pambo ni nini na wanajua linapozidi.

Usiachie nafasi ndefu baada ya hapo. Sehemu ya tatu inaruka na piano mbele, mbio, nyimbo zikifuatana kwa wingi kiasi kwamba unahisi mtunzi alikuwa na akiba asiyoweza kuimaliza. Watoto watacheza, na wacheze. Hakuna wa kuwafukuza, labda wakikaribia nyaya za betri. Watu wakidai irudiwe, irudiwe yote. Pumzi ya wapulizaji ikikata, anzieni sehemu ya tatu.

Kisha zile fidla za Zanzibar zigeukie taarabu, na wenyeji walete ngoma zao, mpaka maji yarudi. Koplo wa bendi apewe chai kwanza. Kabla ya kupakia, muachie mwalimu wa shule seti moja ya nota na rekodi ya tamasha zima kwenye simu yake, na kwa serikali ya kijiji muache ahadi yenye tarehe. Mimi ningeweka tarehe ya K. 491, ile ya C maina, aliyoimaliza tarehe 24 Machi mwaka uleule wa 1786. Ile ina klarineti mbili na obo mbili, mpingo mara mbili, na juu yake tarumbeta na ngoma za okestra. Nahodha aambiwe mapema kwamba safari hiyo ni mashua mbili.